Kaza, Ni Siku Tatu Tu

Kambini, 9 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mashuka ya hospitali unayofua hayajakumaliza. Mimi sijambo, ila miguu inalalamika. Nyumbani niliwaacha salama: baba bado anachomelea mageti na bado hataki kuvaa miwani ya kazi, mama amepewa darasa la pili na anasema wale watoto watamtia wazimu, na Bibi anaulizia ile dawa yako ya kuchua magoti.

Sasa habari yenyewe: nimechaguliwa! Chiriku wako yuko timu ya taifa. Kocha ananipanga beki ya kati, mahali pako. Simu zetu zinakusanywa Jumatatu na kurudishwa Jumapili kwa saa mbili, na wewe simu huitaki hata ya bure, kwa hiyo tutaandikiana kama wazee.

Yupo hapa mama mmoja anayetunza jezi tangu enzi zenu. Wote tunamwita Mama Jezi. Alinishika kidevu, akakutaja kwa jina lako la uwanjani: "Hii pua ni ya Komeo." Nikamwambia pua ni yangu, shangazi alitangulia tu kuivaa. Akacheka, akanihadithia mambo yako: mechi sitini na moja, unahodha wa miaka minne, na ile siku uliyofunga kitambaa kwenye kidole kilichovunjika ukamaliza dakika zote tisini.

Nikamuuliza kwa nini uliacha ukiwa na miaka ishirini na minane. Nyumbani huwa tunaambiwa ni goti. Akasema, "Goti lipi?" Kisha akaanza kukunja soksi ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa.

Na jambo jingine. Mabafu yako manne, sisi tuko ishirini na wawili, asubuhi ni vita. Lakini bafu la mwisho halina mlango, na limejaa mipira iliyopasuka. Nilipouliza niliambiwa halitoi maji. Nimefungua bomba. Maji yanatoka vizuri kabisa.

Nijibu upesi.

Wako,
Chiriku


2 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu mashine kubwa ya kupiga pasi iliharibika, na mikokoteni tisa ya mashuka kwa siku haimsubiri fundi. Tumepiga pasi kwa mkono wiki nzima. Mwambie Bibi dawa nimemtumia kwa yule dereva wa basi mwenye mwanya, na asiinywe kama alivyofanya mara ile.

Nimefurahi sana kwa ajili yako. Nilipoisoma barua mbele ya wenzangu, mmoja alipiga vigelegele mpaka muuguzi akaja kuuliza nani amejifungua.

Nikupe mawili matatu ya kazi. Usitazame miguu ya mshambuliaji, miguu hudanganya. Tazama kiuno, kiuno hakijui uongo. Ukishapitwa usimvute jezi, mkimbilie golini kwako. Na kiatu kipya kivae na soksi mbichi siku mbili kwanza, kisha kikauke mguuni.

Goti langu huuma siku za mvua.

Kuhusu bafu, mabafu matatu yanawatosha. Amka mapema.

Hapa kwetu saa nne mashine huzimwa tunywe chai. Wenzangu wanaupenda ule utulivu. Mimi huchukua kikombe changu nikasimama nje.

Shangazi yako


Kambini, 20 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba ameniandikia kwamba Bibi anatembea vizuri na sasa anagombana na majirani wa mbali pia. Tumecheza mechi ya kirafiki tukashinda mawili kwa moja. Nilitazama kiuno. Yule dada alinipita mara moja tu, na hiyo mara moja niliteleza, usihesabu.

Umenijibu kila kitu isipokuwa nilichouliza, nimeona. Sitakusumbua. Ila nami nina jambo ambalo sijamwambia mtu.

Tukifika kwenye zile mbio fupi za mwisho, moyo wangu unajikwaa. Sijui nikuelezeje. Unapiga, unakosa hatua, halafu unakimbia kuifukuzia ile hatua uliyoikosa. Jumanne macho yaliingia giza, nikainama nikajifanya nafunga kamba za kiatu. Ilikuwa muda mfupi tu.

Mechi ya kufuzu ni tarehe 24 Aprili. Ukisema unaumwa hapa, unafungashiwa begi kabla hujamaliza sentensi. Nakwambia wewe kwa sababu wewe unajua mwili unavyogoma na jinsi ya kuulazimisha. Usimwambie baba. Usimwambie mtu yeyote.

Niambie tu nikaze.

Chiriku


28 Machi

Chiriku,

Nenda kwa daktari wa timu leo. Si kesho. Mwambie maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, usipunguze hata moja. Usikimbie hata hatua moja mpaka umepimwa.

Barua hii nimeiandika mara nne. Tatu zilikuwa ndefu.

Shangazi yako


Kambini, 5 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mbona barua imekuja bila salamu? Nilidhani Bibi amefariki. Ilibidi nikae kitandani kwanza ndipo niifungue karatasi yote.

Usiwe na wasiwasi. Nilidanganya kwamba nina maumivu ya hedhi, nikapumzika siku mbili, na moyo umetulia. Jana nimekimbia vizuri. Daktari wetu akisikia kikohozi tu anakuandikia wiki nzima ya kukaa, na kuna beki mwenzangu anayeisubiri nafasi yangu kama paka mlangoni pa jikoni.

Zimebaki siku kumi na tisa, Shangazi. Baada ya hapo nitapimwa mpaka kucha, naapa.

Niahidi hutasema. Usiponijibu, nitajua umekubali.

Chiriku wako


Nyumbani kwa baba, 19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu nimependa.

Sijawahi kuaibika kama tarehe 11. Tulikuwa tunapasha misuli, nikamwona mwanamke mwenye sare ya hospitali anakatiza katikati ya uwanja, na viatu vyake vya mpira vinalia kila hatua. Ulimpita kocha kana kwamba ni nguzo. Ukamwambia daktari mbele ya wote, "Huyu msichana asikimbie tena." Akakuuliza wewe ni nani. Ukatoa barua yangu mfukoni, barua yangu mimi, ukaisoma kwa sauti. Ulipofika pale pa kamba za kiatu, yule beki paka alinitazama kwa huruma. Afadhali angenicheka.

Nilipelekwa hospitali kubwa wakanibandika nyaya kifuani. Daktari wa pale alikunja uso, akasema anataka kipimo kingine kikubwa zaidi, na foleni yake ni ya miezi miwili. Timu imesafiri jana. Mtu mwingine amevaa namba yangu.

Baba anasema ni wivu. Anasema mtu aliyeacha mpira bila sababu ya kueleweka hawezi kuvumilia kuona mwingine akiendelea. Mama alimnyamazisha. Mimi sikumnyamazisha.

Usiniandikie mpaka utakapokuwa tayari kuniambia kwa nini.

Binti wa kaka yako


6 Mei

Mwanangu,

Marahaba, hata kama ilikutoka kwa shida. Nakuombea uzima wewe na wote hapo nyumbani, na kaka yangu pia, pamoja na wivu wake alionivika.

Tarehe 24 tuliisikiliza mechi kwenye redio ya chumba cha kufulia. Mlifungwa bao moja. Wenzangu walilalamika sana. Mimi nilikuwa nasubiri kipenga, na niliposikia wachezaji wote wametoka uwanjani kwa miguu yao, nilikaa juu ya rundo la mashuka machafu.

Umetaka sababu. Haya.

Nilikuwa na rafiki tukimwita Sindano. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na mwenyewe alikuwa mwembamba anayepenya kati ya mabeki wawili bila kuwagusa. Tulilala chumba kimoja miaka sita. Alikuwa hajui kupanga vitu. Kila asubuhi soksi yangu moja ilikuwa mguuni kwake. Tulisafiri naye siku mbili kwa basi kwenda kucheza dakika tisini, tukalala kwenye madarasa, tukavaa jezi za wanaume tulizozipunguza kwa pini. Hiyo ndiyo iliyokuwa timu ya taifa siku zile, na tulikuwa na furaha, usidanganyike.

Siku tatu kabla ya mechi yetu ya kufuzu, alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda changu. Akasema, "Komeo, moyo wangu unaruka kama samaki ndani ya ndoo."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwaka jana, ila sasa umezidi. Akaniuliza, "Nimwambie daktari?"

Mimi nilikuwa nahodha. Nilijua akimwambia, atatolewa. Nilijua bila yeye hatufungi. Nchi nzima ilikuwa haijawahi kutupa hata ukurasa wa nyuma wa gazeti, na safari hii walikuwa wanatungoja. Sikufikiri sana, Chiriku. Laiti ningeweza kukwambia kwamba nilikesha nikifikiri. Nilimwambia, "Kaza. Ni siku tatu tu."

Akasema, "Sawa, nahodha."

Hakuwahi kuniita nahodha tukiwa chumbani.

Alicheza. Alifunga bao pekee dakika ya sabini na moja, tukafuzu, tukambeba. Nilimbeba mimi, paja lake la kushoto lilikuwa begani kwangu. Siku mbili baadaye tulikuwa na mazoezi mepesi tu, kisha tukaenda kuoga. Aliingia bafu la mwisho akafunga kwa ndani. Tulimsikia akiimba. Halafu hatukumsikia, ila maji yaliendelea kumwagika. Niligonga mlango nikamtania, "Toka, umekuwa samaki?" Wenzetu wakacheka. Nikaenda kuvaa. Nikachana nywele. Nilizichana zote nikazisuka mistari sita, na maji bado yanamwagika.

Mlango niliuvunja mimi kwa bega.

Waliandika kwamba aliteleza kwenye sabuni akajigonga. Sabuni ilikuwepo sakafuni, ni kweli. Jeraha halikuwepo. Daktari aliniuliza mbele ya viongozi, "Aliwahi kulalamika chochote?" Nikasema, "Hapana." Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, mlango uko wazi. Alinisikia.

Baada ya mazishi nilirudisha jezi, nikasema goti.

Kazi ya kufua niliichagua kwa sababu ya kelele za mashine. Lakini saa nne zikizimwa, nasikia bafu moja bado linamwagika. Nimekagua mabomba yote ya jengo lile, zaidi ya mara moja. Yamefungwa, makavu. Imekuwa hivyo miaka ishirini na sita. Na nyumbani kwangu umeona bafu halina komeo. Wageni hukohoa wakiwa ndani ili mtu asiwaingilie. Baba yako hudhani ni ubahili.

Nikwambie na hili, maana hutalisikia kwa mwingine. Barua yako ya moyo niliipata tarehe 24 Machi nikakaa nayo siku nne. Ile ya pili nilikaa nayo siku tatu. Kuna saa nilijisemea: pengine ni uchovu, pengine atacheza, atafuzu, kisha atapimwa. Hata safari hii, mwanangu, baada ya yote hayo, nilifikiri hivyo. Ndiyo maana nilipokuja sikuweza kuja taratibu.

Wivu ningeupenda. Wivu mtu hulala nao akapata usingizi.

Shangazi yako


Nyumbani, 30 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Safari hii ni ya kweli.

Bibi mzima, anakusalimu. Mama mzima. Baba anasema nikuandikie kwamba lile neno la wivu amelimeza na limemkwama. Nilimpa kalamu aandike mwenyewe, akasema ana kazi ya geti.

Kipimo kikubwa nimefanyiwa. Daktari ni dada kijana tu, alinichorea moyo kwenye karatasi kama chungwa lililokatwa. Nyama ya upande mmoja imenenepa kuliko inavyotakiwa. Nimezaliwa nayo. Nitakunywa vidonge, nitatembea, nitafanya kazi, naweza hata kucheza muziki harusini. Mpira wa mashindano basi. Nilimuuliza, "Kama ningecheza ile mechi?" Akasema, "Pengine ungemaliza. Pengine usingemaliza."

Nilivitupa viatu vyangu juu ya paa la karakana. Baba alipanda ngazi akavishusha, akavifuta, akaviweka kwenye kabati lake la vyuma.

Daktari anataka ndugu wote wa damu wapimwe. Baba amepimwa huku akilalamika, yuko salama. Na wewe nenda.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Sijakushukuru na sitaki kujifanya. Nikikuwaza nakuona na barua yangu mkononi pale uwanjani, na natamani kukunyang'anya. Nina miaka ishirini na moja, Shangazi. Kila nilichokuwa najua kufanya nilikuwa nakifanya pale.

Ila nina swali. Mama yake Sindano yuko hai? Anajua? Kwa sababu mimi umeniandikia kurasa nne, na mimi siye niliyekaa kwenye lile benchi.

Chiriku


25 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimepimwa. Moyo wangu ni mzima kabisa, daktari akausifu mbele ya wanafunzi wake. Nilitamani anyamaze.

Swali lako lilinikalia kama mfupa wa samaki kooni. Wiki tatu nilijidanganya kwamba sijui anakoishi, na huku najua hata rangi ya mlango. Jumamosi nilikwenda.

Bado anashona. Chumba ni kile kile, sare za shule zimepangwa kitandani, mikono yake tu ndiyo imezeeka. Niligonga, akauliza nani. Nikasema, "Ni Komeo, mama."

"Umechelewa," akasema, kana kwamba tuliahidiana asubuhi ile.

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaulizwa habari za nyumbani, tutanywa chai, na nitaondoka na siri yangu tena. Nikasema nikiwa mlangoni: "Nilidanganya pale koridoni. Alikuwa ameniambia moyo unamsumbua. Nilimwambia akaze."

Akalisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Alikwambia lini?"

"Siku tatu kabla ya mechi."

Kisha akasema, "Mimi aliniambia akiwa na miaka kumi na miwili."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akaendelea, macho kwenye kitambaa. Sindano alizimia shuleni mara mbili. Zahanati walisema apelekwe hospitali kubwa. "Nikamkataza asimwambie mtu. Nilisema mtoto wa kike anayeanguka-anguka nani atamtaka? Nani atampa kazi? Kisha akaanza kukimbia kuliko wavulana, nikasema basi, Mungu ameliondoa. Siku ile uliposema hapana, nilishukuru, Komeo. Nilikaa kwenye benchi mwanangu amelazwa ndani hana uhai, nikashukuru kwamba hakumwambia mtu mwingine. Niliona siri imebaki yangu peke yangu. Sabuni sikuiamini hata siku moja."

Nikamwambia, "Mimi nilidhani ni mimi tu."

"Na mimi," akasema.

Akainuka akaja mlangoni. Hakunikumbatia. Alinipiga kofi la begani, lile bega la mlango, na halikuwa la utani, nililisikia mpaka kwenye meno. Kisha mkono akauacha pale pale.

Baadaye tulikaa. Aliniuliza alikuwa anaimba wimbo gani bafuni, maana hakuna aliyewahi kumwambia. Nikamwambia. Akasema wimbo huo alikuwa anaukosea siku zote, ubeti wa pili anaurudia mara mbili. Tukacheka, Chiriku. Sikudhani chumbani mle mtu anaweza kucheka na mimi nimo.

Nikamhadithia habari zako. Akauliza, "Yuko hai?"

Nikasema, "Yuko hai na amenichukia."

"Mwache achukie," akasema. "Kuchukia kunataka pumzi."

Jumatatu saa nne mashine zilizimwa. Maji bado niliyasikia, sitakudanganya. Ila sikutoka nje. Nilikunywa chai yangu pale pale.

Anaomba kukuona. Nimemwambia sina haki ya kukuomba lolote, kwa hiyo sikuombi. Nimekuandikia tu anakoishi, nyuma ya karatasi hii.

Shangazi yako


4 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima. Mama amenitafutia kazi ya kufundisha watoto wake mpira, wale wa darasa la pili, na kweli ni vichaa. Mtoto mmoja alifunga kwenye goli lake mwenyewe akashangilia mpaka akavua shati. Nilijikuta nacheka peke yangu njiani.

Jana nimekwenda kwa yule mama. Sikukuarifu kwa sababu nilitaka niweze kugeuza njiani bila kuulizwa. Sikugeuza.

Hakunipa hotuba. Alinikalisha juu ya kitanda kati ya sare, akanitazama tangu kichwani hadi miguuni kama mtu anayepima nguo. Kisha akasema, "Binti, naomba nikusikilize." Sikumwelewa. Akaweka sikio lake kifuani mwangu, upande wa moyo, na mkono mgongoni.

Alikaa hivyo muda mrefu. Nilitaka kucheka, halafu sikutaka tena. Nywele zake zina harufu ya mafuta ya cherehani.

Akasema, "Unajikwaa."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Akasikiliza tena. "Lakini unainuka," akasema. "Haya. Unainuka."

Alianza kulia bila sauti, na sikio hakuliondoa. Nilimshika kichwa kwa mikono miwili, nikamwacha asikilize mpaka atosheke.

Chiriku